Ruhusa ya Kucheka: Hadhira na Utunzi wa Uchekeshaji wa Jukwaani Afrika Mashariki, kutoka Utani hadi Standapu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya nafasi ya hadhira katika utunzi wa uchekeshaji wa jukwaani Afrika Mashariki, hususani Tanzania na Kenya. Maelezo yaliyozoeleka huichukulia standapu kuwa utanzu ulioingia kutoka Marekani kupitia televisheni. Makala yanakubali kwamba umbo lake la nje lina asili hiyo, lakini yanadai kwamba kanuni zinazomwongoza mtunzi kuamua amtanie nani, kwa lugha gani na mbele ya nani, zina historia ndefu zaidi katika utani, vichekesho vya vikundi vya sanaa na michezo ya redio. Hoja kuu ni kwamba kichekesho husimama juu ya mambo matatu: maarifa ya pamoja, ruhusa na haki ya kujibu. Kila chombo kipya kilichoipanua hadhira kimelilegeza mojawapo ya mambo hayo. Makala yanahitimisha kwamba matini ya kichekesho haiwezi kuhakikiwa, wala kuhukumiwa, bila kuhusishwa na hadhira iliyotungiwa.

1.0 Utangulizi

Mchekeshaji anayesimama peke yake mbele ya watu, akiwa na kipaza sauti na bila mwenzi wa kumjibu, hutunga na kuhakikiwa kwa wakati mmoja. Mwandishi wa riwaya anaweza kukaa miaka mingi asijue wasomaji wake walicheka wapi. Mchekeshaji hujua papo hapo. Ukumbi ukinyamaza pale alipotarajia kicheko, huwa ameshapewa hukumu, na mara nyingi kesho yake huifuta sentensi hiyo, huifupisha au huihamishia mahali pengine. Kwa maana hiyo, matini ya standapu haikamiliki mezani. Hukamilishwa na watu wasioshika kalamu.

Nadharia ya fasihi simulizi ya Kiswahili imekwishaweka msingi wa kulielewa jambo hili. Fanani na hadhira hutazamwa kama pande mbili za tendo moja, na fomula ya ufunguzi wa ngano, ambapo msimulizi hutamka "Paukwa!" na wasikilizaji wakajibu "Pakawa!", ni ushahidi kwamba hadithi haianzi mpaka hadhira ikubali kuipokea. Wataalamu hutofautisha pia hadhira tendi, inayoshiriki, na hadhira tuli, inayopokea bila kuingilia. Hata hivyo, mgawanyo huo unachukulia kwamba fanani anajua hadhira yake ni ipi. Standapu ya leo inaliweka wazo hilo mashakani, kwa kuwa kichekesho kinachosemwa usiku ukumbini Dar es Salaam au Nairobi huweza kutazamwa asubuhi na watu ambao mtunzi hakuwafikiria hata kidogo.

Ili kuifuatilia historia hiyo, makala haya yanatumia vigezo vitatu. Kwanza ni maarifa ya pamoja, yaani yale ambayo mtunzi hahitaji kuyaeleza kwa sababu wasikilizaji wanayajua. Pili ni ruhusa, yaani makubaliano ya wazi au ya kimyakimya kwamba fulani anaweza kutaniwa na fulani. Tatu ni haki ya kujibu, yaani nafasi aliyonayo anayetaniwa ya kurudisha mzaha kwa mzaha. Sehemu zinazofuata zinaonyesha namna vigezo hivyo vilivyobadilika kadiri hadhira ilivyobadilika.

2.0 Utani: Hadhira Inayojulikana

Katika makala yake ya mwaka 1940 kuhusu mahusiano ya utani, mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliueleza utani kuwa ni uhusiano ambao mtu huruhusiwa, na pengine hutakiwa kwa desturi, kumfanyia mwenzake mzaha, naye mwenzake hutakiwa asikasirike. R. E. Moreau, aliyeandika kuhusu utani Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1940, aliuhusisha utani wa makabila na historia ya karne ya 19, zikiwemo vita na misafara ya biashara. Utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani kama Wazaramo ni mfano unaojulikana sana: njia za misafara kutoka bara hadi pwani ziliwakutanisha watu waliohitajiana bila kuwa ndugu, na utani ukawa njia ya kuishi pamoja bila kugombana.

Kwa mtazamo wa utunzi, jambo la kuzingatiwa ni kwamba utani ulikuwa na vigezo vyote vitatu kwa ukamilifu. Mtani aliyeingia msibani akamwigiza marehemu, akazuia shughuli mpaka apewe chochote, au akawakejeli wafiwa wakati wengine wanalia, hakuhitaji kujieleza. Kila aliyekuwepo alijua yeye ni nani na kwa nini ana haki hiyo. Maneno yaleyale yakisemwa na mtu asiye mtani yangekuwa tusi. Hivyo, kilichoyafanya maneno kuwa kichekesho kilikuwa uhusiano wa msemaji na msikilizaji, kabla ya ufundi wa maneno yenyewe. Zaidi ya hayo, aliyetaniwa leo alijua kwamba kesho, katika msiba wa upande wa pili, zamu itakuwa yake.

Ingekuwa kosa kuuona utani kama masalia ya zamani. Jijini Dar es Salaam, klabu za Yanga na Simba, zilizoanzishwa katika miaka ya 1930, huitwa na vyombo vya habari "watani wa jadi". Istilahi iliyohusu makabila imehamishiwa kwenye mpira wa miguu, na pamoja nayo zimehamia kanuni zake: shabiki wa timu iliyofungwa hutegemea kuchekwa kazini Jumatatu, na anayekasirika huonekana kuwa amevunja mwiko. Mfano huu unadhihirisha kwamba ruhusa ya kutania inaweza kujengwa upya baina ya watu wasiohusiana kwa damu wala kabila, alimradi pande zote mbili zinajitambua kuwa ni watani na kila upande una nafasi ya kulipiza.

3.0 Kutoka Vichekesho vya Vikundi hadi Redio

Vikundi vya sanaa vilivyotamba Dar es Salaam katika miaka ya 1980 na 1990, kama vile Muungano, Mandela na Tanzania One Theatre (TOT), vilihamishia uchekeshaji kwenye ukumbi wa kulipia. TOT iliundwa mwaka 1992 ikiwa na uhusiano wa karibu na Chama cha Mapinduzi, na iliongozwa na John Komba. Muungano iliongozwa na Norbert Chenga. Onyesho moja lilichukua saa nyingi na kuchanganya ngoma, sarakasi, taarabu, maigizo na vichekesho. Tafiti za Siri Lange na Laura Edmondson kuhusu vikundi hivi zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya maigizo haikuwa na mswada ulioandikwa neno kwa neno. Waigizaji walikubaliana kuhusu mkondo wa kisa, kisha mazungumzo yakatungwa jukwaani.

Utaratibu huo uliipa hadhira mamlaka makubwa. Watazamaji walipiga kelele, walimshauri mhusika, walimzomea mwovu, na wengine walipanda jukwaani kumtunza msanii kwa fedha. Kutunza kulikuwa aina ya uhakiki: mstari uliotunzwa ulirudiwa wiki iliyofuata, na uliopokewa kwa kimya ulitoweka. Ruhusa nayo ilibadilika umbo. Sasa ilinunuliwa kwa kiingilio. Aliyelipa alikuwa amekubali kuchekeshwa, pengine hata kuchekwa, na haki yake ya kujibu ilibaki kwa sababu sauti yake ilifika jukwaani.

Redio ilikuwa imekwishaleta mabadiliko ya namna nyingine. Kupitia Redio Tanzania Dar es Salaam, wachekeshaji Pwagu na Pwaguzi, waliochukua majina yao kutoka kwenye methali isemayo "Pwagu hupata pwaguzi", walitunga kwa ajili ya masikio ya watu wasioonekana. Uteuzi wa majina hayo unafaa kuzingatiwa. Methali ni maarifa ya pamoja yaliyofupishwa. Msikilizaji wa Mtwara na wa Mwanza aliposikia majina hayo alijua, kabla ya neno la kwanza la mchezo, kwamba mjanja atakutana na mjanja mwenziwe. Mtunzi wa redio, aliyepoteza nyuso za watazamaji, alijazia pengo kwa kutegemea yale ambayo Kiswahili chenyewe kilikuwa kimekwisha kuwafundisha wasikilizaji wake. Aidha, kwa kuwa hakuweza kujua ni nani anayesikiliza, alielekeza mzaha kwenye tabia, kama ulafi, uvivu na ujanja, zaidi ya kuuelekeza kwa kundi fulani la watu. Haki ya kujibu ilipopungua, upana wa shabaha ulipungua pia.

4.0 Umbo la Kimarekani na Safari ya 1979

Standapu, kwa umbo lake la msemaji mmoja anayezungumza kana kwamba anasema mambo yake mwenyewe, ilikua nchini Marekani kutokana na maonyesho ya vodevili na vilabu vya usiku. Kuanzia miaka ya 1950, wasanii kama Mort Sahl, aliyejulikana katika klabu ya hungry i jijini San Francisco, waliacha mtindo wa vichekesho vifupi visivyo na mwenyewe wakaanza kuzungumza kuhusu siasa na maisha kwa nafsi ya kwanza. Lenny Bruce alikamatwa San Francisco mwaka 1961 na kutiwa hatiani New York mwaka 1964 kwa madai ya maneno machafu, ingawa waliomsikiliza ukumbini walikuwa wamelipa ili wayasikie. Gavana wa New York alimsamehe mwaka 2003, miaka 37 baada ya kifo chake. Kesi hizo zilikuwa na mgongano ambao utaonekana tena Afrika Mashariki: mahakama ilisoma maneno, ilhali ukumbi ulikuwa umesikia tendo la mawasiliano.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hata hivyo, mfano wenye uzito zaidi ni wa Richard Pryor. Pryor alianza kwa kuiga mtindo uliowapendeza watazamaji weupe, na mwaka 1967 aliacha onyesho lake Las Vegas na kuondoka jukwaani. Aliporudi na mtindo wake mpya katika miaka ya 1970, alitumia lugha ya mitaa ya Wamarekani weusi, likiwemo neno la kibaguzi ambalo weupe walilitumia kuwatusi. Alilitumia kama mtani anavyotumia tusi, yaani ndani ya jamii inayojuana, akilipokonya sumu kwa kulimiliki. Utunzi wake ulikuwa wa majaribio: alipanda jukwaa la Comedy Store, Los Angeles, usiku baada ya usiku akiwa na mawazo mabichi, na kuyakuza kulingana na mwitikio.

Mwaka 1979 Pryor alisafiri hadi Kenya. Katika filamu ya onyesho lake la mwaka 1982 alisimulia kwamba, akiwa ameketi katika ukumbi wa hoteli, alitazama watu weusi waliomzunguka wakifanya kazi za kila namna, akatambua kwamba hakuwa na sababu ya kuwaita kwa neno lile. Tangu hapo aliapa kutolitumia tena kumhusu mtu mweusi. Kisa hiki mara nyingi husimuliwa kama badiliko la kimaadili. Kinaweza pia kusomwa kama tukio katika historia ya utunzi. Neno lilikuwa na maana ya utani palipokuwa na jamii ndogo iliyozingirwa na jamii kubwa inayoidharau. Nairobi, jamii hiyo ilikuwa ndiyo wengi, mzingiro haukuwepo, na neno lilibaki bila ruhusa iliyolibeba. Msamiati wa Pryor ulibadilika kwa sababu hadhira aliyoibeba akilini ilikuwa imepanuka.

5.0 Kenya: Lafudhi, Dola na Hadhira Mchanganyiko

Uchekeshaji wa Kenya ulikabiliwa na swali la hadhira kwa ukali zaidi, kwa sababu ya siasa za lugha na kabila. Mwaka 1977 riwaya ya Kiingereza ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Petals of Blood, ilizinduliwa mbele ya waziri wa serikali, Mwai Kibaki, ingawa iliikosoa vikali hali ya nchi. Mwaka huohuo tamthilia ya Kigĩkũyũ aliyoitunga pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, iliyoigizwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, ilipigwa marufuku na mwandishi akawekwa kizuizini. Ukosoaji ulikuwa wa aina moja. Tofauti ilikuwa ni nani aliyeusikia. Watawala walikuwa wamekwisha kuelewa kanuni ya hadhira kabla ya wahakiki wengi.

Katika mazingira hayo, runinga ya taifa ilikuza aina ya kichekesho kilichokwepa siasa za moja kwa moja na kuegemea lafudhi. Katika Vitimbi, mchezo uliojulikana tangu miaka ya 1980, mhusika Mzee Ojwang' alizungumza Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kijaluo. Mwigizaji wake, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Kwa kigezo cha ruhusa, jambo hilo linashangaza: mtu wa jamii moja aliiga lafudhi ya jamii nyingine, katika nchi ambayo jamii hizo mbili zimekuwa na ushindani wa kisiasa wa miaka mingi, naye akapendwa kotekote. Maelezo yanayofaa ni kwamba Ojwang' hakuwa mjinga anayechekwa kwa kusema vibaya. Alikuwa mzee mwenye akili zake, na lafudhi ilikuwa vazi la mhusika, wala haikuwa panchi yenyewe. Mtunzi anayeiga lafudhi ili kumpa mhusika nafsi hutofautiana na yule anayetarajia kicheko kitokane na kukosewa kwa "r" na "l" au kwa "sh" kugeuzwa "s".

Kuelekea mwaka 2000, kundi la Redykyulass lililotokana na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, lilivuka mpaka mwingine kwa kumwigiza Rais Daniel arap Moi kwenye televisheni akiwa bado madarakani. Mzaha huo ulikuwa umeishi kwa miaka mingi katika mazungumzo ya faragha. Sauti ya Rais, mikono yake na namna yake ya kuhutubia vilikuwa maarifa ya pamoja ya taifa zima. Kundi hilo halikuhitaji kueleza lolote. Kilichokosekana muda wote kilikuwa ruhusa, nayo ilipatikana kwa sababu ya mabadiliko yaliyofuata kurejeshwa kwa siasa za vyama vingi na kuongezeka kwa vituo vya utangazaji vya binafsi. Wakenya walipoona kwamba wengine nao wanacheka, kila mmoja alitambua kwamba hakuwa peke yake.

Onyesho la Churchill Live la Daniel Ndambuki, lililorekodiwa mbele ya watazamaji, hasa Carnivore jijini Nairobi, na kurushwa na NTV, ndilo lililoifanya standapu kuwa kazi ya kuajiri vijana wengi. Hapo mtunzi alikuwa na hadhira mbili kwa mpigo: waliokaa ukumbini na waliokaa sebuleni. Hadhira ya ukumbini ilikuwa ya kijana wa mjini anayebadili Kiswahili, Kiingereza na Sheng ndani ya sentensi moja. Ya sebuleni ilikuwa na mama, mchungaji na mtoto. Kubadili msimbo kukawa mbinu ya utunzi: mara nyingi matayarisho ya kichekesho yalitolewa kwa Kiingereza au Kiswahili sanifu, na panchi ikaja kwa Sheng au kwa lafudhi ya lugha ya mama. Panchi ya namna hiyo humfanya anayeielewa ajione wa ndani, na humwacha nje asiyeielewa.

Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliipa mbinu hiyo uzito mwingine. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 iliunda tume ya kusimamia mahusiano ya jamii na kuharamisha matamshi ya chuki. Tangu hapo, mchekeshaji anayeanza na "Mkikuyu, Mjaluo na Mkalenjin…" hutunga akijua kwamba watu waliouana kwa misingi ya majina hayo wanaweza kuwa wamekaa safu moja. Wapo wanaodai kwamba vichekesho vya kikabila hudumisha dhana potofu. Wapo wanaodai kwamba kucheka pamoja huponya. Kigezo cha haki ya kujibu kinasaidia kuupima mjadala huu. Pale ambapo onyesho moja lina wachekeshaji wa jamii mbalimbali, kila mmoja akitania na kutaniwa kwa zamu, muundo wa utani umehifadhiwa. Pale ambapo jamii moja hutaniwa usiku kucha bila mwakilishi wake kupanda jukwaani, kinachobaki ni kejeli ya wengi dhidi ya wachache.

6.0 "Nipe" na "Naomba": Matini Moja, Hadhira Mbili

Mfano mmoja wa kiisimu unaonyesha kwa uwazi kwamba hadhira ndiyo inayochagua shabaha ya kichekesho. Wachekeshaji wa pande zote mbili za mpaka hutumia kisa cha Mkenya anayeingia dukani Tanzania. Mkenya husema "Nipe soda". Mtanzania husema "Naomba soda". Tofauti ni ya kipragmatiki. Katika Kiswahili cha Tanzania, kitenzi "omba" katika muktadha huu kimepoteza maana ya kusihi na kuwa alama ya adabu ya kawaida. Katika mazungumzo ya Nairobi, amri yenye kiambishi cha mtendwa hutumika bila kuhesabiwa kuwa ni ukali.

Kisa hicho kikitolewa Dar es Salaam, Mkenya ndiye shabaha: hana adabu, anaamuru kana kwamba duka ni la baba yake. Kikitolewa Nairobi kwa maneno yaleyale, shabaha ni Mtanzania: anaomba kitu anachokinunua kwa fedha zake, anasalimia mpaka soda inapata joto. Sentensi mbili hazikubadilika, wala mpangilio wake. Kilichobadilika ni upande ambao hadhira inauona kuwa wa kawaida, maana mtu huchekwa kwa kiasi anachoiacha kawaida ya wanaosikiliza. Mchekeshaji mzoefu anayevuka mpaka hulazimika kufanya uamuzi wa kiutunzi: ama ageuze mtazamo, ama ajiweke yeye mwenyewe kuwa shabaha, mgeni anayestaajabia adabu, au ukali, wa wenyeji. Njia hii ya pili ndiyo hupendelewa, kwa sababu mgeni hana ruhusa ya kuwatania wenyeji kabla hajajitania mwenyewe. Ndivyo alivyofanya pia mtani wa zamani alipofika ugenini.

Suala la msamiati linahusika hapa vilevile. Kichekesho kuhusu konda wa daladala anayesisitiza kwamba nyuma kuna nafasi, ilhali abiria wamebanana hadi mlangoni, hakihitaji ufafanuzi Dar es Salaam. Nairobi konda atakuwa makanga na daladala itakuwa matatu. Mtunzi asiyebadili maneno hayo hulazimika kuongeza sentensi ya maelezo, na sentensi ya maelezo huua kichekesho, kwa sababu kasi ya panchi hutegemea yasiyosemwa. Kwa hiyo, urefu wa matini ya standapu ni kipimo cha umbali baina ya mtunzi na hadhira: anayejulikana husema kidogo.

7.0 Hadhira Isiyokata Tiketi

Nchini Tanzania, kundi la Ze Comedy, lenye wasanii kama Joti, Masanja Mkandamizaji na Mpoki, liliufanya uchekeshaji wa televisheni kuwa mazungumzo ya mitaani katika miaka ya 2000, kwa kuiga taarifa za habari, video za muziki na watu mashuhuri. Msanii wa Tanga, Amri Athumani, maarufu kama King Majuto, aliyefariki mwaka 2018, alikuwa amekwisha kuthibitisha kwamba mchekeshaji anaweza kuvuka kutoka jukwaani hadi filamu bila kupoteza mtindo wa kutunga papo kwa papo. Kizazi kilichofuata, kupitia waandaaji kama Evans Bukuku na baadaye majukwaa kama Cheka Tu, kilirudi kwenye ukumbi na kiingilio. Ruhusa ya tiketi ilirejea, na pamoja nayo desturi ya mchekeshaji kumgeukia aliyekaa mbele na kumfanya sehemu ya matini. Anayekaa safu ya mbele anajua hatari aliyoikubali.

Simu za mkononi ziliivunja mipaka hiyo. Kipande cha dakika moja hukatwa kutoka onyesho la saa nzima na kusambazwa kwa watu ambao hawakusikia matayarisho, hawakulipa kiingilio na hawakuwa na nafasi ya kujibu kwa mzaha. Kwao, maneno hufika yakiwa hayana ukumbi. Wakati huohuo, dola iliingia katika nafasi ya hadhira kwa nguvu mpya kupitia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018.

Tukio la Mei 2020 linaonyesha kilele cha mabadiliko hayo. Mchekeshaji Idris Sultan, mshindi wa Big Brother Africa mwaka 2014, alikamatwa baada ya kusambaza video fupi iliyomwonyesha akicheka alipokuwa akitazama picha ya zamani ya Rais John Magufuli. Shtaka alilofikishwa nalo mahakamani lilihusu usajili wa laini ya simu. Kwa mhakiki wa fasihi, uzito wa tukio hilo umo katika ukosefu wa matini. Hapakuwa na kisa wala panchi. Kulikuwa na kicheko tu, yaani kile ambacho kwa kawaida hutolewa na hadhira. Mtunzi alikuwa amejiweka katika nafasi ya mtazamaji, na kicheko cha mtazamaji ndicho kilichochukuliwa kuwa kauli. Ikiwa ukumbi ni mahali ambapo watu hupeana ruhusa ya kucheka, tukio hilo lilionyesha kwamba nje ya ukumbi ruhusa hiyo ilikuwa haijatolewa na yeyote.

Yawezekana kupinga kwa kusema kwamba utani wa jadi haukumhusu mtawala, na kwamba hivyo si haki kuupima uhuru wa standapu kwa kanuni zake. Pingamizi hilo lina ukweli, kwa kuwa utani ulikuwa baina ya walio sawa au walio katika mahusiano maalumu ya ukoo. Hata hivyo, linathibitisha hoja ya makala haya badala ya kuibatilisha. Mzaha wa raia kwa kiongozi hauna mkataba wa jadi wa kuulinda. Mkataba wake lazima uundwe, ama na sheria, ama na mazoea kama yale yaliyojitokeza Kenya baada ya Redykyulass. Pasipo mkataba, kila mtunzi hutunga akimfikiria msikilizaji mmoja asiyecheka, na msikilizaji huyo huishia kuwa mhariri wa kazi nzima.

8.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha mwelekeo mmoja: hadhira imepanuka, maarifa ya pamoja yamepungua, ruhusa imekuwa ya mashaka, na haki ya kujibu kwa mzaha imegeuka kuwa haki ya kulalamika. Watunzi wamejibu kwa mbinu zinazotambulika: kujitania kabla ya kutania, kubadili msimbo ili kuchagua nani aelewe, kumpa mhusika wa lafudhi akili na heshima, na kuelekeza mzaha kwenye tabia pale wasipowajua wasikilizaji. Mbinu hizo zote zimo katika utani, redio na vikundi vya sanaa. Standapu imezirithi hata pale wasanii wenyewe wanapowataja Wamarekani kuwa walimu wao.

Matokeo yake kwa utafiti ni ya kivitendo. Tasnifu zinazochambua standapu kwa kunukuu maneno ya mchekeshaji peke yake zinachambua nusu ya matini. Unukuzi unapaswa kurekodi mahali pa onyesho, lugha za waliokuwepo, sehemu walizocheka, urefu wa vimya na majibu yaliyotoka ukumbini, kama ambavyo mkusanyaji wa ngano anavyotakiwa kurekodi viitikio. Jambo hilo lina maana hata nje ya vyuo vikuu. Mahakama au tume inayoletewa kipande cha dakika moja kama ushahidi huletewa maneno yaliyonyang'anywa hadhira yake. Wataalamu wa Kiswahili, ambao taaluma yao imesisitiza kwa muda mrefu kwamba fanani hayupo pasipo hadhira, wana maarifa ya kuieleza mahakama hiyo kile kilichokosekana katika ushahidi.